Umepewa Kazi ya Kuandika Sera ya Nanoteknolojia? Anzia kwa Mnunuzi

Kila baada ya miezi michache hunifikia ujumbe wa aina moja. Afisa wa wizara ya sayansi, au mhadhiri aliyeazimwa na wizara, ameteuliwa katibu wa kikosi kazi, amepewa miezi sita alete rasimu ya sera ya nanoteknolojia, na hajui ashike wapi. Maswali nayo ni yale yale. Tujenge maabara kwanza au tusomeshe watu kwanza? Tutunge sheria mpya? Tuchague sekta ngapi? Nimeyajibu mpaka nimechoka kunakili majibu yangu mwenyewe, basi haya hapa yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa nchi ambayo uchumi wake unakua lakini mfuko wake wa utafiti ni mwembamba. Wenye fedha za China wanaweza kukosea mara tatu na bado wakafika. Wewe una nafasi ya kukosea mara moja, labda na nusu.

Rasimu nyingi nilizosoma zinaanzia maabara, zinapitia vyuo vikuu, halafu ukurasa wa 40 linatokea neno "ubiasharishaji" na aya mbili za matumaini. Wewe geuza mpangilio huo. Uliza kwanza nani atanunua, kisha nani atapima kama alichouziwa ndicho alichoahidiwa. Maabara, ufadhili wa masomo na makongamano vipange foleni nyuma ya maswali hayo mawili.

KABLA HUJAANZA

Nadharia inayokutosha ni hii. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, huhesabu kuwa "nano" kitu chenye ukubwa wa takriban nanomita 1 hadi 100. Kwenye ukubwa huo maada hubadili tabia. Dhahabu huacha unjano wake ikawa nyekundu, na ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha mimba aghalabu ni chembe za dhahabu za makumi ya nanomita. Mimi huingia na kipimo hicho kwenye kikao cha kwanza na kukiweka mezani mbele ya mwenyekiti. Watu hucheka, mmoja hunong'ona, lakini baada ya hapo hakuna anayeniuliza tena kama nanoteknolojia ni mambo ya roboti wa sinema.

Kusanya haya kabla ya kufungua faili la rasimu:

- Barua ya uteuzi inayokupa mamlaka ya kudai taarifa kutoka wizara nyingine. Barua inayosema "kushirikiana na wadau" pekee haikufungulii mlango wowote.
- Orodha ya mashine za vipimo zilizopo nchini: zilipo, mwaka zilipofika, na kama zinafanya kazi leo.
- Orodha ya watu wanaozitumia. Namaanisha mafundi sanifu, na maprofesa wafuate.
- Takwimu za ununuzi wa serikali kwa miaka mitatu: vipimo vya haraka vya magonjwa, vichujio vya maji, rangi za majengo, mbolea, bandeji, mavazi ya hospitali.
- Sheria zilizopo za kemikali, dawa na vipodozi, chakula, mbolea na viuatilifu, usalama mahali pa kazi, taka, haki miliki na ununuzi wa umma.
- Mtu mmoja wa hazina na mmoja wa shirika la viwango, wote wakiwa wajumbe kamili tangu kikao cha kwanza. Mwakilishi anayebadilika kila kikao na kuondoka baada ya kusaini mahudhurio usimhesabu.

HATUA YA 1: Zikague mashine kwa macho yako

Usikubali orodha iliyotumwa kwa barua pepe. Nenda.

Niliwahi kufika kwenye maabara moja ambayo kwenye ripoti ilikuwa na hadubini ya elektroni "inayotoa huduma kwa kanda nzima". Niliikuta imefunikwa kwa plastiki, vumbi limetulia juu yake. Fundi sanifu, kijana mpole, alinionyesha pampu ya ombwe iliyokufa. Kipuri chake kilikuwa cha bei ya kawaida kabisa ukilinganisha na mashine yenyewe, ila bajeti haikuwa na kasma ya matengenezo. Ilikuwa na kasma ya "ununuzi wa vifaa vipya" tu. Kwa hiyo taasisi ilikuwa imeomba hadubini nyingine. Mtaalamu aliyepelekwa nje kusomea mashine hiyo alikuwa ameshapata kazi hukohuko.

Kwa kila mashine andika majibu ya maswali haya: mara ya mwisho imetoa kipimo lini? Nani anaijua? Ina mkataba wa matengenezo? Umeme ukikatika inakuwaje? Mtu wa kampuni binafsi akileta sampuli leo anamwona nani, analipa kiasi gani, na anapata majibu baada ya siku ngapi? Swali hilo la mwisho huzaa ukimya mrefu. Uandike huo ukimya kwenye ripoti.

Kosa la kawaida: kuhesabu mashine na kuita hesabu hiyo "uwezo wa taifa".

HATUA YA 2: Chagua matatizo mawili au matatu yenye mnunuzi

Afrika Kusini, katika mkakati wake wa mwaka 2005, ilichagua maeneo sita na kuyapanga katika mafungu mawili. Upande wa jamii kulikuwa na maji, nishati na afya. Upande wa viwanda kulikuwa na kemikali na michakato ya kibiolojia, madini, na malighafi za kisasa na uundaji. Mwaka 2007 ikafungua vituo viwili vya uvumbuzi, kimoja ndani ya CSIR, baraza lake la utafiti wa sayansi na viwanda, na kingine ndani ya Mintek. Ni orodha nzuri, lakini angalia ilisimama juu ya nini: Mintek ilikuwa taasisi ya madini yenye miongo mingi ya kazi, katika nchi yenye migodi ya dhahabu na platini. Uchaguzi ulifuata kile kilichokuwepo. Wanaonakili maeneo sita bila kuwa na hata taasisi moja ya namna hiyo hupata orodha ya matamanio.

Kwa kila tatizo linalopendekezwa, jaza sentensi hii: "Atakayelipia bidhaa hii ni ______, kwa sababu leo anatumia ______ kununua ______, na hapendezwi nayo kwa sababu ______." Sentensi ikikataa kujazwa, tatizo hilo lipeleke kwenye utafiti wa msingi, ambao nao una haki yake ya fedha, ila si katika sera hii.

Mfano wa sentensi inayojaa: maji yenye floridi nyingi. Mhandisi wa kemikali wa Tanzania, Askwar Hilonga, aliunganisha mchujo wa mchanga na malighafi za nano zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kinachonivutia ni kwamba mlipaji alikuwa tayari yupo: familia na shule ambazo zilikuwa zinanunua maji kila siku. Tuzo ilikuja kumkuta mtu ambaye ameshajua anamuuzia nani.

Onyo: jiepushe na "nano kwa ajili ya elektroniki za kisasa" kama nchi haina kiwanda hata kimoja cha kuunganisha elektroniki. Kila rasimu ya kwanza huwa nayo. Ifute mapema kabla haijapata watetezi.

HATUA YA 3: Mpe mtu mmoja funguo na kasma

China iliunda kamati ya kitaifa ya kuratibu mwaka 2000. Thailand ilianzisha kituo cha NANOTEC mwaka 2003 ndani ya wakala wake wa sayansi. Iran, mwaka huohuo, iliunda baraza maalumu na baadaye ikalikabidhi mpango wa miaka kumi kuanzia 2005. India iliiweka Nano Mission ya mwaka 2007 chini ya idara ya sayansi na teknolojia, ikiwa na rupia bilioni 10 kwa miaka mitano. Miundo ni minne na tofauti kabisa, kwa hiyo usipoteze kikao kizima mkibishana kuhusu umbo. Tazama mambo mawili: je, chombo hicho kina fedha zake, na je, kinaweza kumwita katibu mkuu wa wizara ya afya au ya viwanda naye akaja?

Kamati isiyo na kasma ni kundi la WhatsApp lenye nembo ya taifa.

Kwa nchi ndogo napendelea sekretarieti ya watu watano hadi wanane ndani ya taasisi iliyopo, kuliko kujenga wakala mpya wenye mkurugenzi mkuu, magari na jengo. Wakala mpya hula miaka miwili ukitafuta ofisi.

HATUA YA 4: Jenga uwezo wa kupima

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, kwa sababu ndipo sera nyingi hufia kimyakimya. Bidhaa ya nano isiyopimika haiuziki kwa mnunuzi makini, haisajiliki kwa mdhibiti, na haivuki mpaka. Mjasiriamali akishindwa kuthibitisha kwamba chembe zake zina nanomita 30 katika kila toleo, hana tofauti na tapeli aliyebandika neno "nano" kwenye chupa.

Fanya hivi:

a) Kusanya mashine zilizopo ziwe mtandao mmoja wa huduma. Brazil ilifanya hivyo mwaka 2012 kwa mfumo wa SisNANO: maabara zilizokuwepo zilipewa fedha, na kwa malipo hayo zikatakiwa kutenga sehemu ya muda wa mashine kwa watumiaji wa nje, kampuni zikiwemo. Iran nayo ina mtandao wa maabara wa namna hiyo. Sharti la muda wa nje liandike kwenye mkataba wa fedha. Likibaki kwenye hotuba ya ufunguzi, profesa atakuwa na haki ya kumwambia mjasiriamali arudi baada ya likizo.

b) Kabla ya kununua hadubini mpya, weka kasma ya matengenezo. Kadirio la kawaida ni kama asilimia 10 ya bei ya mashine kila mwaka. Hazina ikikataa kasma hiyo, usinunue mashine. Nasema kwa uzito wote: usinunue.

c) Chagua vipimo vichache vya lazima. Kwa matatizo mawili au matatu uliyochagua, huenda unahitaji ukubwa wa chembe, umbo lake, kemia yake, eneo la uso wake, na kiasi kinachovuja kuingia kwenye maji. Vipimo hivyo vipate ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Vingine mnaweza kutuma sampuli nchi jirani, na hakuna aibu.

d) Jiungeni na kamati ya ISO/TC 229, inayoandika viwango vya nanoteknolojia tangu 2005. Nchi yaweza kuwa mwanachama mshiriki au mtazamaji. Anzeni na utazamaji ili msome rasimu mapema. Mkishapata watu wawili wanaoweza kuhudhuria kweli, ombeni ushiriki.

e) Waajiri mafundi sanifu kwa masharti ya kudumu. Mashine ya gharama kubwa mikononi mwa mtu wa mkataba wa miezi sita ni msiba unaosubiri tarehe.

HATUA YA 5: Rekebisha sheria zilizopo kabla ya kutunga mpya

Swali la "tutunge Sheria ya Nanoteknolojia?" hunijia karibu kila mara. Jibu langu: hapana, kwa sasa. Dawa ya nano ni dawa, na mdhibiti wa dawa yupo. Mbolea ya nano ni mbolea. Unachohitaji ni fasili moja inayotumika kwa wote, na kanuni zinazomwambia kila mdhibiti adai ushahidi gani wa ziada. India ilikwenda njia hiyo: ilitoa mwongozo wa kutathmini dawa za nano mwaka 2019, na wa pembejeo za kilimo na vyakula vya nano mwaka 2020.

Fasili ina ujanja wake. Umoja wa Ulaya ulipendekeza mwaka 2011, ukarekebisha 2022, kwamba malighafi ihesabiwe ya nano ikiwa angalau nusu ya chembe zake, kwa idadi, ziko kati ya nanomita 1 na 100. "Kwa idadi" ni neno zito. Chembe ndogo ni nyingi lakini uzito wake ni mdogo sana, hivyo malighafi ileile yaweza kuwa ya nano ukihesabu idadi na isiwe ya nano ukipima uzito. Chagua kipimo ambacho maabara zako zinaweza kukifanya, la sivyo umetunga kanuni ya kupamba gazeti la serikali.

Kumbuka pia kwamba wanunuzi wa nje wana kanuni zao. Vipodozi vinavyoingia soko la Ulaya lazima vitaje neno "nano" kwenye orodha ya viambato pale vinapokuwa navyo. Ufaransa tangu 2013 inadai tamko la kila mwaka kwa malighafi za nano kuanzia gramu 100. Mwaka 2022 Ulaya ilipiga marufuku dioksidi ya titani, E171, rangi nyeupe yenye sehemu ya chembe za nano, kwenye vyakula. Kiwanda chako kikiuza huko, hizo tayari ni sheria zako.

Usalama wa wafanyakazi usisubiri mambo mengine yaishe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2017 wa kuwakinga wafanyakazi dhidi ya malighafi za nano, na uliandikwa ukizifikiria nchi za kipato cha chini na cha kati. Aina moja ya mirija ya nano ya kaboni, MWCNT-7, iliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2014 kwenye kundi la vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ukifika kwenye karakana ukakuta kijana anamimina unga mkavu kutoka mfuko kwenda ndoo, barakoa ikiwa kidevuni, sera yako imeshindwa hapo hapo. Unga uhifadhiwe ndani ya kimiminika inapowezekana, kazi ifanyike ndani ya kabati lenye uvutaji hewa, na waajiri waandike nani amefanya kazi na nini, kwa muda gani. Daftari hilo litatafutwa sana miaka ishirini ijayo.

Kisha alama ya ubora. Taiwan ina NanoMark tangu 2004, Thailand ina NanoQ, Malaysia ina NANOVerify. Zote zinajibu swali moja la mnunuzi: hiki ni nano kweli, na kinafanya kinachodaiwa? Sehemu ya pili ya swali ndiyo husahaulika.

Chukua mbolea ya urea ya nano iliyoruhusiwa India mwaka 2021. Ilinadiwa kwamba chupa ya mililita 500 inaweza kuchukua nafasi ya mfuko wa kilo 45 wa urea ya kawaida. Shika kalamu. Chupa hiyo, yenye nitrojeni asilimia 4, ina kama gramu 20 za nitrojeni. Mfuko, wenye asilimia 46, una kilo 20.7. Tofauti ni kama mara elfu moja. Watetezi wanasema ikinyunyizwa kwenye majani hufyonzwa vizuri zaidi na upotevu hupungua. Wanasayansi kadhaa wamehoji madai hayo kwa maandishi, na mabishano hayajaisha. Sikwambii uipige marufuku. Nakwambia mdhibiti wako awe mtu anayefanya hesabu hiyo nyuma ya bahasha kabla ruzuku haijatolewa, na adai majaribio ya mashambani ya misimu kadhaa yasiyolipiwa na muuzaji peke yake.

HATUA YA 6: Panga fedha kwa ngazi

Ngazi za ukomavu wa teknolojia zinahesabiwa 1 hadi 9, kuanzia wazo hadi bidhaa inayotumika. Vyuo vikuu hufika 3 au 4 kwa raha. Kampuni na benki huanza kupendezwa kwenye 7. Katikati hakuna mtu, na hapo ndipo sera yako ifanye kazi: mtambo wa majaribio wa kuzalisha kilo badala ya gramu, vipimo vya usalama, mifano kumi ya kwanza iliyowekwa mikononi mwa watumiaji.

India imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa wingi wa makala za kisayansi za nano, ilhali lawama ya kudumu huko ni kwamba bidhaa na hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, hazikufuatana na makala hizo. Sababu haina fumbo: mtafiti alipandishwa cheo kwa makala. Ukilipia makala utapata makala.

Kwa hiyo gawa fedha kwa awamu zenye geti, yaani sharti la kutimizwa kabla ya kuingia awamu inayofuata. Awamu ya kwanza ndogo, masharti machache. Ya pili, mwombaji alete barua ya mnunuzi anayekubali kujaribu. Ya tatu, kampuni ichangie sehemu ya gharama, hata kama ni kwa nafasi ya kiwanda na muda wa wafanyakazi. Vocha za maabara, yaani hati ambayo kampuni ndogo inaipeleka kwenye maabara yoyote ya mtandao kulipia vipimo, ni nafuu na hufanya kazi haraka.

Kuhusu haki miliki, Afrika Kusini ina sheria yake ya 2008 inayosimamia hataza za utafiti uliolipiwa na umma. Chochote utakachoiga, weka mambo mawili wazi: mtafiti atapata mgao gani, na nani ataendelea kulipa ada za kila mwaka za hataza. Nimeona hataza nzuri ikifa kwa kukosa ada ndogo, huku cheti chake kikiwa bado ukutani kwenye fremu.

Kosa la kawaida: chuo kudai nusu ya kampuni changa kabla haijauza kitu. Mwekezaji akiona hivyo, haombi hata kikombe cha pili cha chai.

HATUA YA 7: Tumia mkoba wa serikali

Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote katika nchi nyingi zinazoinukia, na ndiye anayesahaulika katika rasimu. Usiandike zabuni ya "bidhaa za nano". Andika zabuni ya matokeo, nano ishindane na teknolojia nyingine yoyote. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Kichujio kishushe floridi kutoka miligramu 8 hadi chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kwa lita 3,000 za kwanza, kikipimwa na maabara yenye ithibati. Maji yaliyochujwa yapimwe pia kuvuja kwa malighafi za kichujio. Na muuzaji achukue vichujio vilivyokwisha muda na kuvihifadhi kwa njia iliyoidhinishwa."

Hiyo 1.5 ni kikomo cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Namba ya kuanzia na idadi ya lita utaweka zinazolingana na maji yenu. Ona kwamba neno nano halimo, lakini kampuni ya nano yenye bidhaa nzuri ina nafasi, na yenye bidhaa ya maneno haina.

Gawa zabuni vipande vidogo ili kampuni changa iweze kuomba, punguza sharti la mauzo ya miaka iliyopita kwa vipande hivyo, na lipa kwa wakati. Kampuni ndogo haifi kwa kukosa ruzuku mara nyingi kama inavyokufa kwa kusubiri hundi ya serikali.

HATUA YA 8: Weka vipimo vya sera yenyewe

Vitano vinatosha: sampuli za kampuni zilizopimwa na mtandao, siku za kusubiri majibu, kampuni zilizovuka kila geti, thamani ya mauzo, na asilimia ya mashine zinazofanya kazi. Idadi ya makala iwe kwenye kiambatisho. Andika tarehe ya sera kupitiwa upya, na useme wazi kwamba programu isiyovuka geti fedha zake zitahamishwa.

YAKIKWAMA

Hazina inasema hakuna fedha. Rudi na hatua ya 1. Gharama ya kufufua mashine zilizolala aghalabu ni ndogo kuliko ya mradi wowote mpya, na mtu wa hazina hupenda kusikia habari za mali iliyokwisha kulipiwa.

Vyuo vinagombania kituo. Usiwape kituo. Gawa huduma: chuo hiki hadubini, kile vipimo vya sumu, kingine mtambo wa majaribio. Kila kimoja kisainishwe sharti la watumiaji wa nje.

Mfadhili anataka kuleta mashine kubwa ya msaada. Mshukuru, kisha umwombe kwa maandishi miaka mitano ya matengenezo, vipuri na mafunzo ya mafundi wawili. Akikataa, pima tena ukubwa wa shukrani.

Kampuni haziombi fedha. Fomu yako ina kurasa ngapi? Mpe mwenye karakana aijaze mbele yako, ukae kimya utazame anaposimama.

Umma umeogopa, au gazeti limeandika habari ya kutisha. Ujerumani, mwaka 2006, dawa ya kupuliza ya kukinga vioo na vigae iliyoitwa Magic Nano iliwaletea karibu watu 100 matatizo ya kupumua, ikaondolewa sokoni, na dunia nzima ikaandika kuhusu hatari ya nano. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba haikuwa na chembe za nano. Kabla hilo halijakutokea, amua nani ataongea siku ya kwanza, maabara ipi itapima, na ndani ya saa ngapi. Siku hiyo usiseme "hakuna hatari". Sema mnapima nini na majibu yatatoka lini.

Soko limejaa bidhaa zinazojiita nano. Chukueni kumi dukani, mzipime, mtangaze matokeo kwa majina baada ya kuwapa watengenezaji nafasi ya kujibu. Fanyeni hivyo kila mwaka, na mwanasheria awe chumbani tangu mwanzo.

Waziri amebadilishwa katikati ya kazi. Hutokea karibu kila mara. Andaa ukurasa mmoja usio na istilahi: tatizo, mnunuzi, fedha, tarehe ya matokeo ya kwanza. Omba dakika kumi katika wiki yake ya pili. Ile ya kwanza ni ya maua na picha. Na chukua kipimo kingine cha mimba, kile cha kwanza nina hakika mwenyekiti aliondoka nacho.